QO-100 nyumbani Dar: kwa sauti nimeridhika, televisheni bado inanila hela

Niseme mapema: kwa mtu wa Dar anayekaa kwenye kiwanja cha kubana, asiye na pa kusimamisha mlingoti wala pa kutandaza waya mrefu, sijaona kituo cha redio ya ridhaa (ile ya kujifurahisha, si ya biashara) chenye faida kama hiki cha kupitia QO-100. Sauti naipa nyota tano bila kusita. Televisheni naipa tatu, na hizo tatu karibu zote ni za upande wa kupokea.

Kwa wasioijua, QO-100 ni mitambo miwili ya wapenda redio iliyobebwa ndani ya Es'hail-2, setilaiti ya Qatar iliyorushwa kutoka Florida Novemba 2018. Sisi tulifunguliwa milango Februari 2019. Imekaa karibu nyuzi 26 za longitudo mashariki na haihami, kwa hiyo hakuna kuifukuza angani na antena mkononi kama zile zinazopita dakika chache kisha zinazama. Afrika yote imo, Ulaya imo, Uarabuni imo, mpaka Brazil upande mmoja na Thailand upande wa pili. Marekani na Japani hazimo. Ukizitaka hizo, rudi kwenye mawimbi mafupi.

Upande wa kupokea ni rahisi mno. Nilichukua dishi la zamani la DStv, la sentimita 90, lililokuwa linaota kutu nyuma ya nyumba. DStv iko nyuzi 36, na kwa hapa Dar hiyo ni karibu utosini. Ya kwetu iko chini kidogo, kama nyuzi 72 kutoka upeo wa macho, ukigeukia kaskazini-magharibi. Fundi niliyemwita alilizungusha huku anatikisa kichwa: "Bosi, huku utapata Waarabu tu." Hakukosea sana, maana setilaiti za Badr za Arabsat ziko jirani kabisa hapo.

LNB, kile kichwa cha kupokelea kinachokaa mbele ya dishi, ni ya kawaida ya madukani, ila hakikisha ni ya PLL, yaani ile ambayo masafa yake hayayumbi sana. Inashusha masafa ya 10,489 MHz mpaka kama 739, na hapo kidude cha USB cha RTL-SDR, kipokezi kidogo cha redio, kinayadaka na kuyapeleka kwenye kompyuta. Angalia umeme: LNB inataka volti 13 ili ipokee mawimbi ya wima, ambako sauti iko, na 18 ili ipokee ya mlalo, ambako televisheni iko. Kidude cha USB hakina nguvu ya kutoa hizo, lazima utafute kisambazio chake cha pembeni. Halafu kuna jua letu. Saa saba mchana LNB inachemka na masafa yanahama. Wingu likipita, sauti ya Mjerumani inapanda kutoka besi mpaka sauti ya kitoto huku unamsikiliza. Programu ya SDR Console inaliponya hilo kwa kujifunga kwenye bikoni, mawimbi ya alama yasiyokatika, iliyo katikati ya bendi. Bila hiyo ningekuwa nimeshaacha.

Kurusha ni shughuli nyingine, na kabla ya yote uwe na leseni na kolsaini yako (jina lako la redio) inayoanza na 5H, ya Tanzania. Unapanda kwa 2,400 MHz. Natumia Pluto, redio ndogo inayoendeshwa na kompyuta, ambayo yenyewe inatoa milliwati chache tu, halafu amplifaya ya bei poa. Kwenye kava la amplifaya wameandika wati 8. Kipimo changu kinasema mbili na nusu. Muuzaji nilipomwuliza akanijibu "inategemea". Hata hivyo kwa sauti hizo mbili na nusu zinatosha kabisa, mradi amplifaya ikae kwenye kiboksi pale pale kwenye dishi, kwa sababu katika masafa hayo kebo ndefu inakula nguvu yote njiani. Ziba konekta kwa utepe wa mpira unaojigandisha wenyewe, la sivyo chumvi ya baharini itazimaliza kabla ya masika.

Kinachokaa mbele ya dishi ndicho ninachokipenda kuliko vyote. Ni bati la shaba lenye bomba la milimita 22 limepita katikati: bati linarusha kwenda juu, na ndani ya bomba mawimbi yanayoshuka yanapita hadi kwenye LNB. Dishi moja, kazi mbili. Kipande cha bomba nilikipata kwa fundi majokofu.

Mara ya kwanza kuongea utababaika. Sauti yako inapanda kilomita 36,000, inarudi, na unajisikia mwenyewe robo sekunde baadaye, ulimi unagoma. Vua sikio moja la hedifoni. Na usipandishe nguvu kumshinda bikoni, kwa sababu kuna mtambo unaoitwa LEILA ambao unakufungulia king'ora juu ya masafa yako mbele ya mabara matatu. Mimi aibu yangu iko ndani ya nyumba zaidi: nikibonya kitufe, Wi-Fi ya sebuleni inakata, watoto wanaanza kuita "Baaaba!" Nimehamishia ruta kwenye 5 GHz, angalau nina amani.

Sasa televisheni. Kupokea ni raha: unabadili LNB iwe mlalo, unachomeka MiniTiouner, kipokezi cha televisheni cha kuchomeka kwenye kompyuta, na unaona mtu wa Uingereza anakuonyesha meza yake ya kulehemu, mwingine kaweka picha ya majaribio yenye kolsaini yake, mwingine paka. Ni DVB-S2, ile ile ya ving'amuzi, ila imebanwa ikawa nyembamba sana. Kurusha ndiko kunakochoma mfuko. Picha inatanda kwenye upana mkubwa kuliko sauti mara mia, na wati zangu mbili na nusu zikigawanywa humo hazibaki kitu. Kwenye ukurasa wa BATC, klabu ya Uingereza ya televisheni ya ridhaa, unaoonyesha mawimbi ya setilaiti, mimi ni kichuguu kidogo pembeni ya milima ya Wazungu. Nikiibana picha hadi kiwango cha chini kabisa inafunguka, lakini inatembea kwa kushtuka. Ili niwe mtu wa maana nahitaji dishi la mita 1.2 na wati makumi, pamoja na kupoza joto lake, na hapo bei inaniondoa kwenye mchezo kwa sasa.

Anayetaka kuanza asinunue kitu bado. Kuna kipokezi cha bure mtandaoni kilichowekwa Goonhilly, kule Cornwall. Kaa nacho jioni kadhaa usikie wanavyoongea. Ukinogewa, tafuta LNB na kile kidude cha USB. Pluto ije baadaye kabisa, maana ni dola 200 na zaidi kabla ya ushuru.