Kutoka kwenye kadi hadi kwenye programu: uzoefu wangu mezani kwa mwamuzi wa sataranji

Nilianza uamuzi nikiwa mtu wa kadi. Kila mchezaji na kadi yake: amecheza na nani, kwa kete za rangi gani, ana pointi ngapi. Raundi ikiisha nazitandaza mezani kwa mafungu ya pointi, naanza kuzisogeza ili kupanga jozi, yaani nani acheze na nani raundi ijayo. Raundi mbili za mwanzo hazina neno. Ya tano ndiyo kazi: hawa wameshakutana, yule ameshika nyeusi mara mbili mfululizo, ukitengeneza jozi moja unaharibu nyingine tatu. Watu arobaini wananisubiri karibu saa nzima, na kila anayepita anachungulia.

Sasa nabonyeza kitufe kwenye programu ya kompyuta, jozi hizo hapo.

Hata hivyo, kasi siyo iliyonifanya nisirudi kwenye kadi. Programu yangu hupanga kwa mfumo wa Uswisi, ule uliotumika kwanza Zürich mwaka 1895, ikifuata kanuni za FIDE, shirikisho la sataranji la dunia, ziitwazo za Kiholanzi. Wenye pointi sawa huwekwa fungu moja, fungu hugawanywa katikati, nusu ya juu ikakutanishwa na nusu ya chini. Wakiwa wanane, namba 1 anacheza na 5, 2 na 6, hivyo hivyo hadi mwisho. Juu ya hapo kuna masharti: watu wawili hawakutani mara mbili, na hakuna anayepewa rangi moja mara tatu mfululizo, labda vinara katika raundi ya mwisho. Yote hayo nilikuwa nayajua. Ila mimi nachoka, na wakati mwingine, nakiri, nilikuwa na huruma. Mchezaji akiuliza "mbona mimi na yule?", nilianza kujitetea. Siku hizi namwambia achukue matokeo yetu ayatie kwenye programu nyingine inayofuata kanuni hizo hizo. Jozi zinapaswa kutoka vilevile. Minong'ono ya upendeleo imepungua sana.

Isipokuwa programu inaamini chochote unachoiambia. Katika shindano moja la raundi sita, karatasi ya ubao wa saba ilionyesha mwenye kete nyeusi ameshinda, mimi nikaingiza 1–0, yaani ushindi wa mwenye nyeupe. Nikapanga raundi ya tano, nikabandika ukutani. Kijana mmoja akanijia taratibu: "Samahani mwamuzi, mimi nilishinda. Mbona nimewekwa huku chini?" Bahati nzuri saa za mchezo zilikuwa hazijawashwa. Niliifuta raundi nzima, nikasahihisha, nikapanga upya. Nilidhani zitabadilika jozi mbili tu. Karibu nusu ya ukumbi walihama meza, wengine wakiwa tayari wamekwisha kuandika jina la mpinzani kwenye karatasi zao. Kama michezo ingekuwa imeanza ningeiacha iendelee, nikarekebisha pointi kwa ajili ya raundi iliyofuata. Tangu siku hiyo wachezaji wote wawili wanatia saini karatasi ya matokeo, mwenzangu anasoma kwa sauti, mimi naingiza, na matokeo yanabandikwa kwanza kabla ya jozi.

Usajili nao una mtego wake. Ukivuta majina kutoka kwenye orodha ya FIDE, tafuta kwa namba ya mchezaji, usitafute kwa jina. Niliwahi kumchukua mtu mwingine wa jina lilelile mwenye retingi (alama za uwezo wa mchezaji) kubwa zaidi, na mgeni wangu akajikuta anaanzia meza za juu. (Yeye alifurahi.) Na mtu akiondoka bila kuaga, mtoe mwenyewe, la sivyo raundi ijayo kuna mtu atakaa akitazama kiti kitupu.

Kinachonisumbua hadi leo ni namna ya kuwatenganisha waliolingana pointi. Programu inakupa njia nyingi na wewe ndiye unayechagua ipi itangulie, kwa hiyo tangaza mpangilio huo kabla ya raundi ya kwanza. Mimi huanza na Buchholz, yaani jumla ya pointi za wapinzani wako wote. Safari moja wawili walimaliza na pointi 5 kila mmoja, na wa pili akadai amenyimwa kikombe. Nilimfungulia jedwali: wapinzani wake walikuwa wamekusanya 19, wa mwenzake 21.5. Akahesabu kwa kidole, mstari kwa mstari, akapata hivyo hivyo. Kisha akauliza kosa lake ni lipi ikiwa mpinzani aliyefungwa naye raundi ya kwanza alipoteza michezo yake yote iliyobaki. Nilimwambia hesabu iko sawa. Kama ni haki, tulibishana hadi viti vikakunjwa.