Uzoefu wangu na fiziotherapia baada ya upasuaji wa taya: usikubali kuanza umechelewa

Nimepasuliwa kiungo cha taya mara mbili. Mara ya kwanza fiziotherapia, yaani tiba ya mazoezi, ilinichelewa, mara ya pili iliniwahi. Naandika kwa ajili ya anayesubiri upasuaji huu sasa hivi.

Nilianguka utotoni nikagonga kidevu, na kadiri miaka ilivyokwenda kiungo cha taya upande wa kulia kikagandana. Nilipomfikia daktari wa upasuaji nilikuwa naachama milimita 9 tu. Mtu mzima kwa kawaida huachama 40 hivi au zaidi, yaani vidole vyake vitatu vinaingia kati ya meno ya mbele. Mimi hata mswaki ulikuwa unapita kwa shida.

Upasuaji wa kwanza ulikwenda vizuri, kinywa kikafunguka 36 nikiwa bado usingizini. Wodini nikaambiwa nipumzike kwanza, mazoezi yangekuja baada ya kutolewa nyuzi. Nilishukuru, maana uso ulikuwa umevimba na sikutaka mtu aniguse. Nikaanza wiki ya 3. Rula ikasoma 19. Nilijitahidi kuachama mpaka machozi yakanitoka, lakini taya lilikataa, kama lililofungwa kamba kwa ndani. Mtaalamu wa fiziotherapia hakunificha: pale palipokatwa hujengeka kovu, kovu lisiponyooshwa mapema hukaza, na hata mfupa unaweza kuota tena. Mwaka mmoja na nusu baadaye nilirudi chumba cha upasuaji.

Safari hii, kabla sijatia saini fomu, niliuliza maswali mawili: naanza mazoezi siku ya ngapi, na nani atanisimamia? Nikajibiwa papo hapo, na kweli siku ya 2 mtaalamu wa fiziotherapia akawa kitandani kwangu. Muuguzi alikuwa ameshanipa dawa ya maumivu nusu saa kabla. Hilo ni jambo kubwa, msilidharau. Siku hiyo tulifungua na kufunga polepole tu, kisha taya kushoto, taya kulia. Siku ya 4 tukaingia kwenye vijiti, vile vya mbao ambavyo daktari hukandamizia ulimi. Unavipanga kama karata, unaviweka kati ya magego, halafu unasukuma kimoja zaidi katikati ya rundo. Kile cha mwisho ndicho chenye kazi. Kinaingia nusu, kinakwama, unapumua, mate yanadondokea taulo, kisha unasikia kimeteleza ndani. Unahesabu hadi 30, unatoa, unapumzika, unarudia. Mara 6 kwa siku.

Wiki ya 2 ndiyo iliyonitesa kuliko zote, na ndipo ningeacha kama si kadi ya vipimo. Mtaalamu alipima kwa rula kila alipokuja na kuandika namba mbele yangu: 28, 29, 29, 31. Kuona 31 kulinipa nguvu ya kumeza dawa na kuanza tena. Kwa hilo huduma hii naipa alama zote. Kilichoniudhi ni kwamba baada ya kuruhusiwa nyumbani nilipangiwa miadi wiki mbili mbele. Kwa mgonjwa wa taya wiki mbili ni nyingi mno. Omba namba ya kupiga, na ununue rula yako.

Siku ya 2 ilikuwa yangu, si ya kila mtu. Jirani yangu wa kitanda alipandikizwa ngozi ndani ya mashavu, akasubirishwa siku kadhaa ili ngozi ishike kwanza. Aliyekupasua ndiye anayejua kilichofanyika ndani, kwa hiyo tarehe itoke kwake. Ila itoke kabla ya upasuaji, na iandikwe.

Leo ni mwezi wa 7. Niliambiwa nisiache mazoezi kabla ya mwaka kwisha, na sijaacha. Asubuhi hii rula imesoma 35.