Fundi simu wa Mwanga, nilimpelekea simu ya jirani iliyoingia mawese

Walio Kigoma mjini wenye simu zilizoingia maji au mafuta nendeni kwa yule kijana wa Mwanga mwenye kimeza kwenye kibaraza, upande wa sokoni. Kazi yake naijua sasa.

Ilikuwa hivi, mwanangu wa miaka 8 alichukua simu ya jirani bila kuomba akawa anacheza gemu jikoni kwangu, ikamponyoka ikatumbukia kwenye ndoo ya mawese. Tukaitoa inachuruzika, nikaifuta na kanga, usiku kulivyopoa mafuta yakaganda kwenye vitundu vya spika na pale pa kuchomekea chaji, inawaka ila humsikii mtu. Na jirani anauza dagaa, wateja wa Kahama wanaagiza kwa simu, we fikiria. Nikampa kitochi changu aweke laini kwanza.

Yeye alisema dada achana nayo mtoto ni mtoto, mume wangu nae akaja na sheria eti chini ya miaka 10 mtoto hana kosa. Kweli Kanuni ya Adhabu kifungu cha 15 ndo kinasema hivo lakini hayo ni mambo ya jinai, hayahusu nani anunue spika. Simu niliiona mkononi mwa mtoto nikanyamaza kwa vile katulia na mimi napika. Kosa ni langu na linaniuma.

Fundi wa kwanza simtaji, alitaka 10,000 aweke spika iliyotumika, eti mwenyewe hatajua. Nikachukua simu nikaondoka, yaani nimharibie mtu kitu chake halafu nimrudishie na uongo juu?

Huyu wa Mwanga cha kwanza kaniuliza, mama, mwenye simu ni nani? Nikamwambia, akasema basi njoo nae. Tukaenda wote na mtoto. Akaifungua mbele yetu akawa anasugua taratibu na mswaki na spiriti, kila akifuta pamba inatoka na rangi ya mawese mpaka ikaanza kutoka nyeupe. Na maelezo yote anampa jirani, sio mimi ninayelipa: spika imekufa, pa chaji panapona, kioo kizima, spika mpya 15,000 na kazi 10,000, nifanye? Hilo nililipenda sana maana simu ni yake, mimi nilitakiwa kutoa hela na kunyamaza. Spika mbovu akaifunga kwenye karatasi akampa.

Kasoro zipo. Alisema kesho ikawa siku ya tatu, kwa mtu wa biashara hiyo ni hasara na angesema ukweli tokea mwanzo. Risiti hana, anaandika kwenye daftari tu, garantii ya wiki mbili ni ya mdomo. Pa kukaa hakuna na jua linakupiga, wahini asubuhi.

Siku ya kuchukua alikataa kunikabidhi mimi, akampa jirani mwenyewe, akampigia kwa simu yake wakaongea pale pale kila mmoja amesimama upande wake, ndo nikalipa. Mtoto akaomba msamaha hapo mezani sauti haitoki, jirani akamshika kichwa akamwambia siku nyingine niombe nitakupa.

Wiki ya tano sasa, kila ikiita naisikia mpaka kwangu.