Uzoefu wangu: asubuhi tatu Mikindani na kayaki mbili zenye tangi la chambo hai

Kwa zaidi ya miaka ishirini nimevua kwa mshipi katika Ghuba ya Mikindani na nje ya mlango wake, kwanza nikiwa mtoto ambaye kazi yake ilikuwa kukumba maji katika mtumbwi wa mjomba wangu, na baadaye nikiwa na mtumbwi wangu mwenyewe wa mwembe. Katika miaka yote hiyo kilichonisumbua zaidi ni chambo. Kibua aliye hai, anayeogelea na ndoana mgongoni, huwaleta kolekole na nguru ambao hawageuki hata kidogo kwa kipande cha ngisi kilichotoka kwenye barafu. Shida ni kumweka hai. Tuliozoea ndoo tunaijua kazi yake: kila baada ya dakika chache unauacha mshipi, unamwaga nusu ya maji, unachota mengine, na bado jua likishapanda, mnamo saa tatu, vibua huanza kuja juu wakihema, na ikifika saa nne wengi wamelala ubavu.

Kwa hiyo niliposikia kwamba mfanyabiashara mmoja ameleta Mtwara kayaki mbili za kuvulia ambazo tangi la chambo limejengwa ndani ya mwili wa chombo chenyewe, na kwamba humruhusu mnunuzi azijaribu kabla ya kulipa, nilimwomba asubuhi tatu naye akakubali. Ilikuwa mwishoni mwa mwezi wa Machi, kaskazi imelegea na kusi haijaanza kuvuma, nikachagua siku za maji mafu ili mkondo wa mlangoni usinisumbue. Majina ya watengenezaji nayaacha, kwa kuwa nilijaribu vyombo viwili tu na si haki kuhukumu kazi yote ya kiwanda kwa vyombo viwili. Nitaziita ya kijani na ya njano, kama zilivyo rangi zake.

Zote mbili ni za plastiki nzito iliyotolewa katika kalibu moja bila kiungo, za kukaa juu yake na si za kuingiza miguu ndani, na zina matundu yanayotoboka kutoka juu hadi chini ili wimbi likiingia litoke lenyewe. Ya kijani ina urefu unaokaribia mita 4 na uzito wa kilo 41 ikiwa tupu, na tangi lake, la mstatili, liko nyuma ya kiti na linachukua lita 38. Ya njano ni fupi kidogo, ina kilo 36, na tangi lake ni la lita 23 tu, lenye umbo la yai, likiwa mbele ya kiti kati ya miguu ya mvuvi. Kila moja ina pampu ya volti 12 inayovuta maji ya bahari kutoka chini ya chombo, huku maji ya ziada yakitoka kwa tundu la juu ubavuni. Kwa maelezo hayo peke yake nilikwenda nikiamini kwamba ya kijani ndiyo itakayonifaa, kwa sababu tangi kubwa hubeba chambo kingi.

Asubuhi ya kwanza nilitoka na ya kijani saa kumi na moja na nusu. Karibu na mlango wa ghuba nilishusha mshipi wenye ndoana sita ndogo zilizofungwa manyoya meupe, na katika muda wa nusu saa nilikuwa na vibua kumi na wawili ndani ya tangi, wote wachangamfu. Hapo nikaona jambo la kwanza. Lita moja ya maji ya bahari ina uzito unaozidi kilo moja kidogo, kwa hiyo tangi lile likijaa huongeza karibu kilo 39 nyuma ya mvuvi, uzito usiopungua sana mfuko wa saruji. Tezi ilizama, omo ikainuka, na kila upepo ulipotoka ubavuni uliishika ile omo na kuigeuza, hata nikawa napiga kafi upande mmoja mara tatu kwa kila mara moja ya upande wa pili. Nilijaribu kupunguza maji hadi nusu ya tangi, ikawa vibaya zaidi, kwa sababu maji yaliyopata nafasi huenda mbio upande ule ambao chombo kimelalia na kukizidisha kulala. Tangi la namna hiyo lingehitaji ukuta wa kati wenye matundu ili maji yasikimbie, nalo halina.

Jambo la pili lilinigharimu chambo chote. Nilipofika nje ya mlango, mahali ambapo wimbi refu la bahari kuu huanza kusikika, niliizima pampu ili niihifadhi betri, nikatia chambo, nikashusha mshipi. Baada ya muda usiofika dakika kumi nilisikia nyuma yangu mapigo ya haraka, kama mtu anayepigapiga sinia kwa vidole. Nilipofunua mfuniko nikawakuta vibua wanarukaruka katika maji yasiyofunika hata migongo yao. Maji yote yalikuwa yamerudi baharini kwa njia ileile yaliyoingilia, kwa sababu bomba la pampu halikuwekewa valvu ya kuyazuia yasirudi. Niliiwasha pampu kwa haraka, ikavuma bila kutoa hata tone, kwa kuwa ilikuwa imemeza hewa, na kila wimbi lilipoinua tezi tundu la kuvutia maji lilitoka nje na kuimezesha hewa nyingine. Nilichota maji kwa mkono na kopo nilivyoweza, lakini kati ya vibua kumi na mmoja waliobaki walipona wanne.

Hao wanne nao walikuwa na kasoro niliyoitazama kwa makini nilipomshika mmoja: pua yake ilikuwa imechubuka hadi kuwa nyekundu, na kando ya jicho magamba yalikuwa yametoka. Kibua ni samaki wa kundi, aliyeumbwa kwenda mbele bila kusimama. Ukimweka katika tangi lenye pembe huingia pembeni, hugonga, hurudi, na hugonga tena, na magamba yanayomtoka huelea hadi kwenye tundu la kutokea maji na kuliziba. Chambo kilichochubuka bado huogelea, lakini huogelea kichovu, na nguru ana macho makali mno kumkubali samaki wa namna hiyo kwa urahisi. Siku ile nilirudi na changu wawili niliowapata kwa ngisi.

Asubuhi ya pili nilipokea ya njano nikiwa na mashaka, hasa nilipoliona lile tangi dogo. Mashaka hayo yaliniisha kabla jua halijatoka. Kwa kuwa maji yako katikati ya chombo, kayaki ilikaa sawa kama haikubeba kitu, na niliweza kukifungua kidirisha cha mfuniko kwa mkono mmoja bila kugeuka nyuma, jambo ambalo mtu aliyekaa chini katika chombo chembamba ataliona ni kubwa kuliko linavyosikika. Pampu yake imefichwa kwenye shimo lililo chini kabisa katikati, mahali ambapo hapatoki majini hata wimbi likipita, na mdomo wake unaelekea mbele. Mwelekeo huo si pambo. Mdomo unaotazama nyuma hunyonywa na maji yanayokimbia chini ya chombo unapopiga kafi, lakini unaotazama mbele husukumiwa maji ndani, na kwa kweli niliona tangi likipokea maji kidogo hata pampu ikiwa imezimwa, maadamu nilikuwa natembea.

Maji huingia katika tangi hilo kwa bomba lenye vitundu vingi vidogo lililolazwa ubavuni, hivyo yanazunguka polepole kuelekea upande mmoja. Ndani yake ni rangi ya buluu iliyokolea. Niliweka vibua wanane, na baada ya dakika mbili au tatu wote walikuwa wamepangana, vichwa upande mmoja, wakiogelea dhidi ya mzunguko ule kwa mwendo mmoja, bila kugonga popote. Nilikaa nikiwatazama kwa muda mrefu kuliko ilivyonipasa. Asubuhi ya tatu nilimchukua mjomba wangu aijaribu yeye mwenyewe karibu na ufuo, na alipofungua kidirisha aliinama kimya, kisha akasema, "Mpwa wangu, hawa hawajui kama wameshavuliwa." Yeye alivua kwa ndoo maisha yake yote, na sijawahi kumsikia akisifu kifaa cha plastiki.

Katika asubuhi hiyo ya pili, mnamo saa mbili na nusu, nilimtoboa kibua mmoja mgongoni mbele kidogo ya pezi, nikamwacha ashuke mwenyewe kandokando ya mwamba. Kolekole alimchukua kabla sijaweka fimbo kwenye kishikizo chake. Aliivuta kayaki nzima nzima kwa umbali ambao mtumbwi wangu usingevutwa, na nilipomfikisha ubavuni nilimkadiria kilo sita, na mizani ya sokoni ikanithibitishia kwamba hazikupungua. Wa pili aliukata mshipi. Ulikuwa umekatwa kama kwa wembe, nikajua ni nguru, na kosa lilikuwa langu kwa kutotia waya mbele ya ndoana. Saa tano nilipokuwa narudi, jua kali na maji ya juu yamepata joto, vibua wanne waliobaki walikuwa wanaogelea kama walivyokuwa alfajiri. Maji ya joto hushika hewa kidogo kuliko ya baridi, ndiyo maana ndoo hutuangusha saa zile, na hapo ndipo maji yasiyokoma kubadilika yanapoonyesha thamani yake. Niliwafungulia wakaondoka.

Hata hivyo ya njano ina upungufu wake, na mnunuzi anapaswa kuujua. Kichujio cha mdomo wa pampu kina matundu mapana, na ndani ya Ghuba ya Mikindani, hasa maji yakipwa, majani ya bahari yaliyong'oka huelea kila mahali. Mara mbili yaliziba, na kwa kuwa mdomo uko chini katikati ya chombo, haufikiki ukiwa majini, ikanilazimu niende ufuoni niipindue kayaki nikayatoe kwa kidole. Kwa wenzetu wa Lindi ningeongeza jambo lingine: Mto Lukuledi humwaga maji yake katika ghuba yao, na masika yakishika, maji yale ya tope yasiyo na chumvi ya kutosha yakiingia tangini yatawalegeza samaki upesi kuliko maji yaliyosimama. Afadhali mtu azime pampu anapopita hapo, aiwashe akifika penye maji safi. Ya njano huruhusu hilo, kwa sababu ina valvu, na tangi lake halikupungua nilipoliacha limezimwa kwa robo saa.

Betri nayo ni suala. Inayokuja nayo ni ya volti 12 na ampea-saa 7, yaani saizi ya betri za pikipiki, na pampu hula takriban ampea 2. Kwa hesabu ni saa tatu na nusu, na mimi nilipata saa tatu na dakika chache kabla sauti ya pampu haijaanza kushuka. Zaidi ya hayo, betri ya asidi inayomalizwa hadi mwisho kila siku haidumu. Nilinusurika kwa kuizima pampu kila nilipokuwa napiga kafi, lakini anayekwenda mbali au anayekusudia kukaa hadi adhuhuri anahitaji betri yenye nguvu mara mbili, na mahali pa kuiweka papo, ndani ya kisanduku kisichoingia maji nyuma ya kiti.

Kuhusu kuibeba, nilifurahi kwamba nilizijaribu wakati wa maji mafu. Wakati wa bamvua bahari yetu hukimbia mbali sana, na kilo 36 juu ya mchanga laini ni mzigo kwa mtu mmoja, kwa hiyo kigari cha magurudumu mawili si anasa. Tangi lazima limwagwe kwa kizibo cha chini kabla ya kuivuta, la sivyo utavuta na maji yake. Upande wa Msimbati sikwenda kabisa, kwa kuwa ni eneo la hifadhi ya bahari iliyoanzishwa mwaka 2000 na uvuvi wake una taratibu zake, na chombo kinachotembea kimya namna hii kinaweza kumfikisha mtu asipopaswa kuwa bila yeye kugundua.

Bei ya ya njano ni shilingi milioni 3 na laki 4, na ya kijani imezidi hapo kwa laki 5 kwa sababu tu ya ukubwa. Ya kijani nisingeichukua hata kwa bei ya chini, mpaka itiwe valvu na pampu yake ihamishwe kutoka tezini. Ya njano nimelipia nusu. Nusu iliyobaki muuzaji ataipata siku atakayonikabidhi betri kubwa zaidi pamoja na kichujio chenye matundu madogo, na tumekubaliana kwamba kichujio hicho nitakijaribu kwanza ghubani, maji yakipwa, mahali penye majani.