Huduma ya handaki la upepo: nyota nne, ya tano imebaki ukurasa wa 61

Jengo letu lina ghorofa 44, jembamba kama rula, na limebanwa na minara miwili. Kwa umbo hilo fomula za kitabuni hazinipi usingizi, kwa hiyo tulilipa maabara itupimie mzigo wa upepo kwa modeli ndani ya handaki la upepo, yaani ukumbi mrefu ambamo feni huivumishia modeli upepo. Naandika kama mhandisi anayesaini michoro ya nguzo.

Modeli yenyewe ilinikosha. Kipimo ni 1:400, kimo chake sentimita 40 hivi, na ukutani ina matundu zaidi ya 400 ambayo kucha haiyahisi. Kila tundu lina mrija wake unaoshuka hadi kwenye sensa. Nusu kilomita ya mitaa inayotuzunguka ilipangwa juu ya meza ya duara, na mbele yake vipande vya mbao vilitawanywa sakafuni ili upepo ufike umevurugika, kama unavyovurugika ukipita juu ya mji. Meza iligeuzwa nyuzi 10 kila mara, yaani mielekeo 36.

Walipotufaa zaidi ni kwenye kona. Pale juu upepo hausukumi kioo, unakivuta nje, na mvuto waliopima ulikaribia mara mbili ya ule wa katikati ya ukuta. Mtu wa vioo alikuwa amechora unene mmoja kuanzia chini hadi juu. Tulimrudisha mezani.

Nilijifunza pia kuwa adui wangu hakuwa upepo wa usoni. Visulisuli vinang'oka ubavu huu, kisha ule, na jengo linayumba kukata njia ya upepo. Mzigo wa upande huo ndio ulioongoza. (Mteja aliyetarajia vipimo vimpunguzie chuma alinyamaza kidogo.)

Sasa lawama. Niliwaandikia kwamba jengo hutuliza mtikisiko wake kwa asilimia 1, yaani asilimia 1 ya utulizaji ambao ungelirudisha wima bila kuyumba tena. Wao wakaweka 2, na hilo halikutajwa popote ila kwenye kiambatisho cha ripoti yao, ukurasa wa 61, kwa herufi ndogo. Si jambo dogo, maana jengo linalojituliza kidogo huyumba zaidi: ukishusha 2 kuwa 1, ile sehemu ya mzigo inayotokana na mtikisiko hupanda kwa takribani asilimia 41. Nilipolalamika walikokotoa upya kwa siku mbili, bila kurudi handakini, kwa sababu modeli ni ngumu na haitikisiki. Mtikisiko huongezwa baadaye kwenye hesabu, na vipimo vya awali vilikuwa vimehifadhiwa. Hawakubisha wala hawakudai nyongeza.

Ningewapa kazi tena, ila ningeomba ukurasa mmoja mwanzoni wenye namba zote walizozichukua kwangu. Maana mimi nilikuwa nimeshamtumia mchoraji wa msingi zile nguvu za kwanza, na hadi leo akinipigia simu hasalimii, anauliza tu, "Leo ni asilimia ngapi?"