Yamaha Banshee 350 katika gereji ya nyumbani: misimu mitatu ya spana na mchanga

Yamaha Banshee 350, kwadi (pikipiki ya magurudumu manne) ya michezo, iliingia sokoni mwaka 1987, na nchini Marekani ikauzwa hadi mwaka 2006. Kwa hiyo yeyote anayeinunua leo ananunua kitu kilichokwisha kupita mikononi mwa wengine, na pengine kimefunguliwa na kufungwa mara nyingi kuliko muuzaji anavyokiri. Yangu niliipata hapa Maskati misimu mitatu iliyopita, nikaiweka katika gereji ya nyumbani huko Seeb, na tangu hapo haijakwenda kwa fundi isipokuwa kwa kazi mbili ambazo nitazitaja. Wengine wamekwisha kuisifu mbio zake juu ya matuta ya Bidiya. Mimi nataka kueleza ilivyo kuitunza kwa mikono yako mwenyewe, na ni vipuri gani vya kuongeza nguvu vilivyostahili fedha zangu.

Injini yake ni ya mipigo miwili, yenye silinda mbili zilizosimama bega kwa bega na ujazo wa sentimita za ujazo 347, ikipozwa kwa maji na kuendeshwa kwa gia 6. Asili yake ni pikipiki ya barabarani ya kampuni hiyohiyo, RZ350, na ndiyo maana haina tabia ya kwadi za shambani: chini ya mzunguko wa kati imelala, kisha huamka ghafla. Mama yangu, ambaye utoto wake wote ulikuwa Unguja, anaiita mashine ya kukoboa mpunga, na asubuhi ikiwa bado ya baridi sina la kumbishia. Haina stata ya umeme. Ni kiki tu. Haina vali za juu wala shafti ya kuzisukuma, na hapo ndipo inapompendeza mtu wa nyumbani, kwa sababu kuvua silinda hedi na silinda zote mbili ni kazi ya alasiri moja kwa mtu mwenye seti ya spana za kawaida na subira. Binamu yangu ana YFZ450 ya mipigo minne, mashine nzuri sana, lakini kila anapotaka kurekebisha nafasi za vali mimi huwa nimekwisha kunawa mikono.

Wepesi huo una gharama yake, na niliilipa msimu wa kwanza. Nilifunga mabomba mapya ya egzosi siku ya Alhamisi jioni, nikabadilisha jeti za kabureta, yaani vijitundu vinavyopima petroli, kwa kukisia, na kesho yake tukaenda mchangani. Dalili ilikuwapo na niliiona: nikiachia mkono wa mafuta, injini ilibaki ikilia juu kwa sekunde mbili tatu kabla ya kushuka. Nilidhani ni waya umekaza. Kabla ya adhuhuri ilizimika katikati ya mpando, na nilipofungua nyumbani nikakuta pistoni ya kushoto ina tundu dogo kama punje ya mtama kichwani, upande wa egzosi, na kingo zake zimeyeyuka na kung'aa kama risasi ya kulehemu. Mabomba hayakuwa na kosa lolote. Sili ya krenki (mpira unaoziba hewa kwenye shafti kuu ya injini) upande wa magneto, kifaa kinachozalisha umeme wa plagi, ilikuwa imekauka kwa uzee na ilikuwa ikivuta hewa. Nguvu mpya za mabomba zilimaliza tu kilichokuwa kimeanza.

Asiyezoea injini za mipigo miwili huona ajabu kwamba sili ya mpira inaweza kuua pistoni, lakini sababu yake ni nyepesi. Mchanganyiko wa petroli na hewa hupita kwanza ndani ya chumba cha krenki kabla ya kupanda kwenye silinda, kwa hiyo tundu lolote chini linaingiza hewa isiyopitia kabureta, mchanganyiko unakuwa na petroli chache kuliko inavyotakiwa, na joto linapanda. Sili ya kushoto, ile ya upande wa magneto, ikichoka huvuta hewa kavu. Ya kulia iko upande wa klachi, nayo ikichoka hunyonya oili ya gia, ukaona moshi mweupe usiokwisha na oili inayopungua bila kudondoka popote. Kwa maoni yangu wa kushoto ni ugonjwa mbaya zaidi, kwa kuwa hautoi moshi wa kumtahadharisha mtu.

Kwa hiyo kifaa bora kuliko vyote nilivyonunua kwa ajili ya kwadi hii ni kipimo cha kuvuja hewa, na sikukinunua hata kizima. Nilichukua pampu ya mkono na saa ya kipimo cha zamani cha presha ya damu, nikaviunganisha kwa mpira mwembamba na kizibo, nikaziba njia za egzosi na za kabureta kwa mipira, nikaacha plagi mahali pake, kisha nikajaza hewa taratibu. Kanuni inayofuatwa na wengi ni pauni 6 kwa inchi ya mraba zikae dakika 6, na saa ya presha ya damu, inayosoma milimita za zebaki na kuishia kwenye 300, inafika karibu kabisa na hapo. Yangu iliporomoka hadi 180 kabla ya dakika kwisha. Nilipopaka maji ya sabuni nyuma ya magneto povu likachemka kama maziwa yaliyosahauliwa jikoni. Nilibadilisha sili pande zote mbili na mipira ya kabureta, nikapima tena, na mshale haukutikisika. Siku hizi sifungi kipuri chochote kabla ya kupima, na nimeshaombwa kipimo hicho na nusu ya mtaa.

Baada ya hapo ndipo vipuri vya nguvu vinapokuwa na maana. Mabomba ya Toomey T5 niliyo nayo sasa ndiyo yaliyobadilisha mashine kuliko kitu kingine, kwa sababu tumbo la bomba la mipigo miwili si la kupunguza kelele tu: linarudisha wimbi la shinikizo ambalo husukuma ndani ya silinda mchanganyiko uliokuwa unatoroka, na umbo la tumbo ndilo linaloamua ni katika mzunguko gani msukumo huo unafika kwa wakati. Vali za ulimi za V-Force, zinazoruhusu mchanganyiko kuingia kwenye injini na kuuzuia kurudi, zilinipa mwitikio laini zaidi chini, ingawa ningeambiwa nichague moja ningebaki na mabomba. Hedi ya Pro Design, yenye vikombe vinavyobadilishwa, naisifu kwa jambo dogo: inazibwa kwa ringi za mpira mahali pa gasketi, na hivyo kuifungua kuangalia pistoni si jambo la kuogopa tena. Kusogeza moto mbele kwa digrii 4, yaani kuifanya plagi iwashe mapema zaidi, hakuhitaji kununua chochote cha maana, lakini kunahitaji petroli nzuri, na mimi nilirudisha nyuma digrii moja kwa ajili ya usingizi wangu.

Jeti ndizo zinazotaka akili. Kabureta za Mikuni za milimita 26 zilitoka kiwandani na jeti kuu namba 200, na kwa mabomba haya pamoja na kisanduku cha hewa kisicho na kifuniko nilianzia 300, nikashuka polepole hadi 280, nikivua plagi kila mara baada ya kukimbia kwa mafuta yote na kuzima injini papo hapo. Rangi ninayoitafuta kwenye plagi ni ya kahawa iliyotiwa maziwa. Nyeupe ni hatari, nyeusi ya majimaji ni ubadhirifu tu. Jambo ambalo wengi hapa hulisahau ni baridi: jeti iliyokaa sawa alasiri ya Septemba haitoshi asubuhi ya Desemba, wakati hewa ya jangwani ni nzito na imejaa oksijeni, na pistoni nyingi hutobolewa siku nzuri ya mapumziko wala si siku ya joto kali. Kabureta ni mbili, na sharti slaidi zake, yaani milango ya hewa, zipande pamoja. Mimi huingiza vidole viwili kwenye midomo ya kabureta, nikabonyeza mkono wa mafuta, na kusikiliza migongano miwili iwe mmoja.

Oili naichanganya mwenyewe kwa uwiano wa 32 kwa 1, yaani mililita 156 katika lita 5, kwa chupa ya kupimia na si kwa jicho. Kichujio cha hewa cha sponji hufuliwa kila baada ya safari, hulowekwa oili yake, na ukingo wake hupakwa grisi, kwa kuwa vumbi la Sharqiya ni laini kama unga wa sembe na hupita mahali ambapo maji hayapiti. Matairi ya makasia, yale ya mchangani, na mnyororo sina la kueleza zaidi ya kuvikagua. Mfumo wa TORS unaokata moto pale kabureta zinapokwama niliuondoa kama wengi wanavyofanya, kwa kuwa nyaya za umri huu huufanya uzime injini bila sababu, lakini mahali pake nikafunga kamba ya kuzimia inayofungwa kwenye kifundo cha mkono, na bila hiyo simpi mtu mashine.

Kazi mbili nilizopeleka nje ni kuchonga silinda hadi saizi iliyofuata baada ya ile pistoni, na kunyoosha krenki, ambayo imeundwa kwa vipande vilivyoshindiliwa na inahitaji presi na saa ya kupimia unyoofu. Fundi wa kwanza aliniachia nafasi ndogo mno kati ya pistoni na silinda na ikakwama siku ya kwanza; wa pili aliipima mbele yangu, nikamlipa bila kuomba punguzo.

Kwa mwenye gereji, muda na sikio la kusikiliza naipa nyota nne kati ya tano. Anayekwenda kuiangalia aende wakati injini ni ya baridi na aombe kuipiga kiki mwenyewe. Kisha afungue kifuniko cha kushoto, akamate gurudumu la magneto kwa mikono miwili na kulitikisa juu na chini. Likicheza hata kidogo, beringi za krenki zimekwisha, na gharama yake iondolewe kwenye bei palepale kabla ya chai kuletwa.