TAHADHARI: Mbao "za dawa" za kidaraja cha shambani ambazo dawa yake ni rangi tu

Wakuu, kama una kidaraja chako cha kuvuka kijito kwenda nyumbani au shambani, na mbao za juu zimeoza unatafuta za kubadilisha, soma hapa kabla hujatuma hata shilingi. Kuna wauzaji wa mbao, wengine wana vibanda vya kueleweka barabarani, wengine wapo kwenye simu tu, wanaouza paini iliyochovywa kwenye maji ya kijani na kuiita mbao ya dawa. Bei yao iko chini kidogo ya ile ya kiwandani. Kidogo tu, kiasi cha kukufanya uone umeokota dodo, siyo kiasi cha kukushtua.

Mbao ya dawa ya kweli huingizwa kwenye tangi la chuma, hewa inavutwa nje, kisha dawa inasukumwa kwa mgandamizo mpaka ipenye ndani. Dawa iliyozoeleka ni CCA, mchanganyiko wa kromiamu, shaba na aseniki. Shaba inaua ukungu unaoozesha, aseniki inamalizana na mchwa, na kromiamu kazi yake kubwa ni kuzishikilia hizo mbili ndani ya mbao zisioshwe na mvua.

Wajanja wanatumia mrututu, yaani chumvi ya shaba, uleule wa kupulizia kahawa. Unakorogwa kwenye pipa au kwenye shimo lililotandikwa turubai, mbao zinalala humo usiku mmoja au zinapigwa brashi tu, zinaanikwa, kesho zina kijani kizuri kuliko hata cha kiwandani. Kromiamu hakuna, kwa hiyo kila mvua inaondoka na sehemu ya shaba, na juu ya daraja maji hayo yanadondokea moja kwa moja kijitoni, ambako shaba ni sumu kwa samaki. Wengine hata mrututu wanauonea uchungu, wanatia rangi ya unga.

Piga hesabu uone pengo lilivyo. Viwango vya Afrika Kusini vinataka kilo 8 za CCA kwa kila mita ya ujazo kwa mbao ya nje isiyogusa ardhi, na kilo 12 kwa inayogusa ardhi. Mbao 29 za inchi 3 kwa 8, futi 12, za kutosha daraja la mita 6, ni kama mita za ujazo 1.64. Hapo zinatakiwa kilo 13 za dawa zilizoganda ndani ya mbao. Kilo moja ya mrututu kwenye pipa haifiki huko hata ukiloweka wiki nzima, maana kuloweka kunafikisha dawa milimita chache tu kutoka juu.

Kwenye daraja ndiko utapeli huu unakoumiza zaidi. Daraja lazima utoboe matundu ya bolti na ukate ncha. Ukishapita hizo milimita chache umefika kwenye mbao nyeupe isiyo na kinga, na maji yanashuka na bolti hadi pale mbao inapolalia boriti. Hapo hapakauki. Kuoza kunaanzia chini, juu ya boriti, huku uso wa juu bado kijani na mgumu. Ukitembea juu husikii kitu, mpaka siku tairi la nyuma la pikapu lizame.

Namna ya kuwakamata: chagua mwenyewe mbao moja katikati ya rundo, siyo ile anayokunyooshea. Ilipie, kisha ikatwe vipande viwili katikati. Usikubali akukatie ncha, kwa sababu ncha inanyonya dawa kuliko sehemu nyingine yoyote, na hata mbao ya kuchovya ina kijani cha kupendeza kwenye sentimita chache za mwisho. Tazama uso uliokatwa. Mbao ya kweli ina kijani kilichoingia kwenye sehemu yote changa ya mti, ile ya nje inayozunguka kiini. Ya kuchovya ina mstari mwembamba kama ganda la yai, ndani kweupe.

Muuzaji mzoefu hapo atakwambia, "Bosi, kiini cha mti hakipokei dawa." Ni kweli kabisa, kiini hakipokei, na ndiyo maana uongo huu unauzika. Lakini weupe wa kiini hukaa upande wa moyo wa mti, kwenye zile pete ndogo za katikati, hauanzii milimita tatu chini ya ngozi kuzunguka pande zote nne. Tena paini nyingi za mashamba ya watu binafsi huvunwa changa, kiini chenyewe ni kidogo sana. Mbao ikiwa na kiini kingi cheupe, hata kama ni halali, usiiweke kwenye daraja.

Jaribio la pili: lowesha kitambaa cheupe, sugua mbao kwa nguvu. Rangi ikihamia kwenye kitambaa kwa wingi, hiyo ni rangi. La tatu halihitaji hata fedha. Chukua msumari wa kawaida usiopakwa zinki, usugue kwa msasa ung'ae, mwagia maji kidogo kwenye mbao na ulaze msumari hapo kwa dakika kadhaa. Ukipata wekundu wa shaba, basi shaba iliyomo haijashikwa. Ama ni mrututu, ama ni CCA iliyotoka tangini juzi na haijakomaa. Yoyote kati ya hizo usipakie leo. Uzito usikudanganye, kwa sababu mbao iliyotoka tangini ni nzito kwa maji, na mbao mbichi iliyopakwa rangi nayo ni nzito.

Nakala ya "cheti cha dawa" iliyopigwa picha kwenye simu haina maana. Cheti kinachosaidia kina jina la kiwanda, tarehe, namba ya mzigo uliotiwa dawa na kiasi cha dawa kwa mita ya ujazo. Piga simu kiwandani kwa namba uliyoitafuta mwenyewe, siyo aliyokupa yeye.

Ulaji wa pili uko kwenye vipimo, na huu hata wenye mbao nzuri wanaufanya. Mbao za dingidongi, zile mashine ndogo za kupasulia mbao, hazitoki sawa, lakini kuna tofauti kati ya kupinda kwa msumeno na wizi. Nenda na futikamba, pima katikati na ncha zote mbili. Inchi 3 ikiwa 2½, nguvu ya kubeba inashuka kwa karibu asilimia 30 na ugumu wa kutopinda kwa asilimia 42, kwa sababu unene unahesabika kwa kipeo cha pili kwenye nguvu na cha tatu kwenye ugumu. Upana nao una gharama. Daraja la mita 6, ukiacha nafasi ya milimita 10 kati ya mbao na mbao, linataka mbao 29 za inchi 8. Akikuletea za inchi 7, unahitaji 32, na hizo tatu za ziada ni yeye tena atakayekuuzia. Hesabu hii ni ya boriti tano za chuma zilizoachana sentimita 75 kati kwa kati, mbao za futi 12 zikikatiza juu yake na kubaki sentimita 33 kila upande, kwa gari dogo na pikapu. Lori la kokoto ni kazi ya mhandisi, siyo ya fundi wala ya muuza mbao.

Mbao mbichi husinyaa. Ya inchi 8 inaweza kupungua kama sentimita moja kwa upana, na ile nafasi ya milimita 10 inakuwa 20, kisigino cha kiatu kinaingia. Kama huna budi kutandika zikiwa mbichi, zibananishe.

Bolti nazo. Mtu akikuuzia "kifurushi cha daraja" angalia zinki. Zinazong'aa kama kijiko kipya ni za zinki nyembamba ya umeme, na shaba ya kwenye mbao itazila mapema. Unazotaka ni za kijivu kilichofifia, zenye mkwaruzo, zilizozamishwa kwenye zinki ya moto. Zinunue pamoja na nati zake, nati ya kawaida haipandi kwenye bolti hiyo. Kwa daraja la mfano: milimita 12, urefu 120, mbili kila mbao inapokutana na boriti za pembeni na ya kati, jumla 174. Nunua 180. Tundu na ncha yoyote utakayokata uipake dawa ya brashi kabla ya kufunga, hata kama mbao ni halali, na boriti zipate rangi ya kuzuia kutu kwanza. Vipande vilivyobaki usipikie wala usitandike bandani kwa kuku, moshi na majivu yake yana aseniki.

Kwenye malipo, mchezo ni uleule: "Tuma nusu nikushikie mzigo, kuna mteja mwingine njiani." Picha za rundo mara nyingi ni za yadi ya mtu mwingine. Omba video fupi mbao zikipimwa kwa futikamba huku akitaja tarehe ya leo. Kama jina linalotokea unapolipa ni la mtu binafsi lisilohusiana na duka, simamisha. Risiti ya EFD (mashine ya kodi) iandikwe "mbao zilizotiwa CCA kwa mgandamizo, inchi 3 kwa 8, futi 12, vipande 29". Ikiandikwa "mbao" tu, siku ya kudai huna cha kudai. Ukiwa na risiti hiyo na kipande kilichokatwa unaweza kwenda TBS (Shirika la Viwango Tanzania), Tume ya Ushindani au polisi.

Kama umeshazitandika na umeanza kuzitilia shaka, usibandue zote. Ingia chini ya daraja na bisibisi, choma kila mbao pembeni mwa boriti na kuzunguka bolti, anzia upande wenye kivuli. Bisibisi ikizama sentimita moja bila kusukumwa sana, hiyo itoke leo, na magari yasipite mpaka umalize kuchoma zote.